Kupanga Hazina ya Nyimbo: Ushauri kwa Mwenye Kuchagua Programu

Kumiliki nyimbo elfu kumi si ajabu tena, maana kadi ya simu iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba huzichukua zote na nafasi ikasalia. Ajabu ni kumpata mwenye hazina ya namna hiyo ambaye, akiombwa wimbo mmoja wa Zein l'Abdin au wa Salum Abdallah, aweza kuutoa kabla mgeni wake hajamaliza kikombe cha kahawa. Aghalabu nyimbo zimemjia kwa njia nyingi na kwa nyakati mbalimbali: baadhi zilihamishwa kutoka katika kaseti za wazee, baadhi zilitiwa katika flashi na kijana wa dukani, aliyelipwa kwa idadi ya nyimbo wala si kwa usahihi wa majina, baadhi zilitumwa na jamaa walioko Maskati au London kwa WhatsApp, ambayo huyafuta majina ya mafaili ikaweka herufi za AUD pamoja na tarehe, na baadhi zilipakuliwa katika tovuti zenye tabia mbaya ya kuliandika jina la tovuti pahala pa jina la mwimbaji. Mwenye mali hufungua folda yake akakuta mafaili mengi yaitwayo "Track 01", kila moja likiwa na wimbo wake, na hapana hata moja lisemalo ni nani aimbaye.

Mtu afikapo hapo huuliza, "Ni programu gani iliyo bora ya kupangia muziki?" Swali lenyewe ni halali, lakini latanguliwa na jingine ambalo watu wachache hulikumbuka, nalo ni hili: siku nitakapoiacha programu hii, kwa kuwa kompyuta imekufa, au kampuni imefungwa, au mimi mwenyewe nimeichoka, nitatoka na nini mkononi? Kazi ya kuzipa nyimbo majina ni kazi ya miezi, pengine ya miaka, na programu huja zikaenda. Kwa hiyo wasia wangu, ambao maelezo mengine yote katika makala haya ni matawi yake, ni kwamba programu ichaguliwe kwa kutazamwa mlango wake wa kutokea kabla ya kusifiwa ukumbi wake.

Ili jambo hilo lieleweke, yafaa msomaji ajue maelezo ya wimbo hukaa wapi. Kila faili la muziki lina pahala pawili pa kuandikiwa habari zake. Pa kwanza ni jina la faili, lile lionekanalo katika folda. Pa pili ni ndani ya faili lenyewe, pahala pasipoonekana kwa macho ya kawaida, ambapo huandikwa jina la wimbo, la mwimbaji, la albamu, mwaka na mengineyo. Maandishi hayo ndiyo yaitwayo lebo, na ndiyo yasomwayo na simu au redio ya gari inapoonyesha jina la wimbo katika kioo chake. Mafaili ya MP3 yalipoanza kuenea hayakuwa na lebo ya namna hiyo. Mnamo mwaka 1996 Eric Kemp alibuni utaratibu uitwao ID3, ambao ulikuwa ni baiti 128 zilizobandikwa mwishoni mwa faili, na ndani yake mlikuwa na herufi 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja tu ya kutaja aina ya muziki kwa namba iliyotolewa katika orodha ya aina 80.

Uhaba wa nafasi hiyo umeacha athari mpaka leo. Atakayekuta katika hazina yake mwimbaji aitwaye "Mbaraka Mwinshehe na Super Vol" asidhani kwamba mwandishi alikuwa mvivu. Herufi 30 zilimwishia kabla ya kulimaliza neno Volcano. Na ile orodha ya aina 80 ilikuwa na rege ndani yake, hata polka ilikuwamo, lakini taarabu haikuwamo wala benga haikuwamo, kwa hiyo nyimbo zetu zikatupwa chini ya majina ya ajabu ajabu kwa kuwa programu haikukubali jingine. Utaratibu wa pili wa ID3, uliotokea mwaka 1998, uliihamisha lebo mwanzoni mwa faili, ukaipanua, ukaruhusu aina ya muziki iandikwe kwa maneno yoyote ayatakayo mwenyewe, na ukatenga nafasi za mtunzi wa muziki, mtunzi wa maneno, kikundi, picha ya jalada, hata maneno kamili ya wimbo. Mafaili ya FLAC nayo yana utaratibu wao ulio huru zaidi, ambao huruhusu hata jina la nafasi libuniwe na mwenyewe. Ama mafaili ya WAV, hayo hayafai kuwekewa tumaini katika jambo hili, kwa kuwa programu hazikubaliani namna ya kuyaandikia lebo. Anayehamisha kaseti zake katika kompyuta na ahifadhi asili yake kwa FLAC, ambayo haipunguzi chochote katika sauti na huchukua nafasi ndogo kuliko WAV, kisha atoe nakala ya MP3 kwa ajili ya simu na gari.

Sasa turejee kwenye mlango. Programu za muziki, kwa kadiri ya jambo hili, ni za makundi mawili. Kundi la kwanza huandika kila kitu ndani ya faili, hata ukilichukua faili ukalipeleka katika kompyuta nyingine, habari zake huenda pamoja nalo. Kundi la pili huweka baadhi ya kazi yako katika daftari lake la siri, yaani hifadhidata ya programu yenyewe, na faili likabaki halijui lililosemwa juu yake. Hata programu mashuhuri kama iTunes, iliyotoka mwaka 2001, iliandika jina na mwimbaji ndani ya faili, lakini nyota za sifa, idadi ya mara wimbo uliposikilizwa na orodha za nyimbo alizopanga mtu zilikaa katika daftari lake. Na wengi waliohama kutoka humo walihama na nyimbo wakaziacha nyota. Mtu asiyejali nyota hakupoteza kitu. Lakini mtu aliyekuwa akizitumia kuonyesha zipi ni kaseti zilizokwisha kusafishwa na zipi bado, alipoteza kazi yake yote.

Si lazima uamini maneno ya mtengenezaji wala maneno yangu, kwa kuwa jaribio lake ni jepesi. Chukua nyimbo chache, uzinakili katika folda ya kando, uzitie kila habari utakayo kwa programu unayoijaribu: jina, mwimbaji, mtunzi, mwaka, maelezo, picha. Kisha zitie katika flashi, uzifungue katika kompyuta nyingine yenye programu nyingine, na katika simu. Lililoonekana huko limo ndani ya faili, na ambalo halikuonekana, ama halikuandikwa ndani, ama limeandikwa kwa namna isiyosomeka na wengine, na kwako wewe mambo hayo mawili hukumu yake ni moja. Programu ishindwayo katika jaribio hili yafaa kwa kusikilizia. Kwa kupangia haifai.

Kuna kisa ambacho kila mkusanyaji wa muziki apaswa kukijua. Zilipokuwa CD ndizo zilizotawala, watu wengi wa nchi mbalimbali waliandika kwa hiari majina ya nyimbo za CD walizonazo wakayapeleka katika hifadhidata iitwayo CDDB, ili mwingine atiapo CD ile ile katika kompyuta yake apate majina bila ya kuandika upya. Baadaye hifadhidata hiyo ikawa mali ya kampuni ya biashara, ikaitwa Gracenote, na masharti yakawekwa juu ya matumizi ya kazi iliyofanywa na watu bure. Wengine wakaanzisha mbadala wake, freedb, nayo ikafungwa mwaka 2020. Katika ghadhabu za wakati yale masharti yalipowekwa ndipo ilipozaliwa hifadhidata nyingine, MusicBrainz, mwaka 2000, kwa juhudi za Robert Kaye, na shina la habari zake limewekwa wazi kwa watu wote pasipo mwenye kulidai. Nimekileta kisa hiki si kwa ajili ya historia. Nimekileta kwa kuwa programu utakayoichagua huenda ikakuomba uziamini habari za hifadhidata fulani, na ni haki yako kuuliza hifadhidata hiyo ni ya nani.

Kabla ya kuzitaja programu zenyewe, kuna kazi ambayo hapana programu itakayokufanyia, nayo ni kuweka kaida ya majina. Hapa ndipo muziki wetu unapowashinda wageni, na ndipo panapostahili subira.

Chukua mathalan bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ambalo ni jina la chama cha wafanyakazi kilichoimiliki. Chama kilipobadilika jina, bendi ikawa JUWATA. Kikabadilika tena, ikawa OTTU. Na mwishoni ikasimama kwa jina la Msondo Ngoma. Je, hiyo ni bendi moja au ni bendi nne? Ukiziandika nyimbo kwa jina la wakati wake, utakuwa mkweli kwa historia, lakini bendi itatawanyika pahala pane katika orodha yako. Ukiziandika zote Msondo Ngoma, utazipata pamoja, lakini utakuwa umeubandika wimbo wa zama za TANU jina ambalo wapigaji wake hawakulijua siku ile. Rai yangu ni kwamba nafasi ya mwimbaji iandikwe jina la wakati wake, na nafasi ya mwimbaji wa albamu, ambayo programu nyingi huitumia katika kupanga folda, iandikwe jina moja la kudumu. Programu isiyoweza kuzitenganisha nafasi hizo mbili haimfai mkusanyaji wa muziki wa dansi, hata ikiwa imepambwa namna gani.

Tahajia nayo ni fitina. Salum Abdallah wa Cuban Marimba ya Morogoro ndiye huyo huyo Salim Abdullah. Juma Bhalo wa Mombasa huandikwa Balo, na pengine huandikwa kwa majina yake yote, Muhammad Khamis Juma Bhalo. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, huitwa pia Ikhwani Safaa, Akhwani Safaa, na watu wa mtaani huiita Malindi. Tukivuka bahari hadi Misri, jina la Umm Kulthum lina tahajia nyingi za herufi za Kirumi hata mtu aweza kuwa na mabibi watano katika simu yake na wote ni mmoja. Kompyuta haina adabu ya kudhania. Kwake Bhalo na Balo ni watu wawili wasiojuana. Basi fungua daftari la karatasi au faili la maandishi, uandike kila jina kwa tahajia uliyoichagua, na ukishaichagua usiibadilishe. Iwapo kuna andiko lenye heshima, lifuate: kwa Siti binti Saad, mathalan, Shaaban Robert ameandika wasifu mzima, na hapana haja ya kubuni tahajia nyingine.

Taarabu ina shida yake ya pekee, nayo ni kwamba wimbo una wenyewe watatu. Yupo mshairi aliyetunga maneno, yupo aliyetia sauti, na yupo mwimbaji. Na nyuma yao ipo nadi au klabu iliyopiga. Katika Pwani mshairi ni mtu mkubwa, na mara nyingi wimbo hukumbukwa kwa mafumbo yake kuliko kwa kinanda chake. Lakini programu zilizotungwa kwa ajili ya muziki wa Kizungu humweka mwimbaji mbele, na mshairi humwachia kona isiyoonekana. Kona hiyo ipo: ID3 ya pili ina nafasi ya mtunzi wa maneno iliyo mbali na nafasi ya mtunzi wa muziki. Tafuta programu inayozionyesha zote mbili, au inayokuruhusu uongeze safu utakazo, ili siku utakapotaka kuzikusanya tungo zote za mshairi mmoja zilizoimbwa na waimbaji mbalimbali, uzipate kwa neno moja.

Halafu mwaka. Mkusanyiko wa pili katika mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa na Buda Musique katika karne hii, una nyimbo za taarabu za Mombasa zilizorekodiwa kati ya 1965 na 1975. Programu itakayochukua habari zake katika intaneti huenda ikaandika mwaka wa kutolewa kwa CD, na wimbo wa miaka ya sitini ukaja kukaa pamoja na Bongo Fleva. ID3 ina nafasi ya mwaka wa asili, iliyo mbali na mwaka wa toleo, itumie. Hali kadhalika, Siti alirekodi Bombay mwaka 1928 na akafariki mwaka 1950, kwa hiyo faili lolote lenye sauti yake ambalo lebo yake yasema 2009 lasema mwaka ambao mtu fulani aliligeuza kuwa MP3, na habari hiyo haina faida kwa yeyote.

La mwisho katika kaida ni nyimbo za santuri ndogo, ambazo kwa ufupi wa nafasi zilikatwa katikati, nusu ya kwanza upande huu na nusu ya pili upande ule. Wengine huziunganisha kuwa faili moja. Mimi sipendi, kwa kuwa santuri ilitolewa hivyo na mpigaji alilijua kato lile alipokuwa akipiga. Ziandikwe "Sehemu ya 1" na "Sehemu ya 2" kwa maneno yale yale kila mara, na kwa namba za kufuatana, na programu itaziweka pamoja.

Baada ya hayo, kuchagua programu kwawa kwepesi kuliko watu wanavyodhani.

Mwenye kompyuta ya Windows, na ambaye nyimbo zake nyingi ni za kienyeji zisizojulikana na hifadhidata za dunia, naona aanze na Mp3tag ya Florian Heidenreich, Mjerumani. Ni ya bure katika Windows. Ya Mac hununuliwa. Haina daftari la siri: huonyesha mafaili kama jedwali, unaandika, unahifadhi, na uliloliandika limo ndani ya faili papo hapo. Uzuri wake mkubwa ni mambo mawili. La kwanza, yaweza kusoma jina la faili ikalipasua kuwa lebo, hata mafaili mia yaliyoitwa kwa mpango wa "mwimbaji - wimbo" hujaziwa lebo kwa amri moja. Na kinyume chake, yaweza kutengeneza majina ya mafaili kutokana na lebo. La pili, yaweza kubadilisha tahajia katika mafaili yote kwa mara moja, ukaiambia kila penye Balo paandikwe Bhalo. Haihitaji bando la intaneti, nalo si jambo dogo. Kasoro yake ni kwamba hufanya uliloliamuru bila ya kukuonya; amri mbaya juu ya mafaili elfu huharibu mafaili elfu.

Mwenye nyimbo nyingi zilizotoka katika CD na albamu zinazojulikana, iwe ni za Misri, za Kongo au za Marekani, atafaidika na MusicBrainz Picard, programu huria ya bure iendayo katika Windows, Mac na Linux. Wameipa jina la nahodha wa chombo cha angani katika tamthilia ya televisheni, na nahodha mwenyewe hana haraka: huyakusanya mafaili upande wa kushoto, huyalinganisha na hifadhidata, na huzionyesha albamu upande wa kulia ili wewe uhakikishe kabla ya kuhifadhi. Tena ina uwezo wa kuusikiliza wimbo wenyewe, hata kama faili halina jina, ikachukua alama zake za sauti kwa msaada wa AcoustID, kazi ya Lukáš Lalinský, na kuzitafuta alama hizo miongoni mwa zilizohifadhiwa. Mtu aionapo kwa mara ya kwanza ikiitambua "Track 01" hupigwa na butwaa.

Lakini butwaa hilo lisimfanye akaiachia kila kitu. Alama za sauti hutegemea mwendo sahihi, na kaseti iliyopigwa kwa mashine iliyochoka, au iliyonakiliwa kutoka katika nakala ya nakala, mwendo wake umepungua au umezidi, na sauti imepanda au imeshuka. Programu haitautambua wimbo huo hata kama umo katika hifadhidata. Na wimbo usiokuwamo haitautambua kamwe. Nyimbo nyingi zilizorekodiwa na Radio Tanzania zikaenea kwa kaseti ziko katika hali hiyo. Hatari kubwa kuliko kutotambua ni kutambua vibaya: Picard hukisia, na kisio lake huja na jina zuri, mwaka na picha ya jalada, hata likaonekana kama hakika. Kila albamu isomwe kwa macho kabla ya kitufe cha kuhifadhi kubofywa. Na ambaye bando lake ni la kupimwa azime upakuaji wa picha za majalada mpaka atakapofika penye intaneti ya bure.

Kuna beets, ambayo hutumiwa kwa kuandika amri bila ya vitufe. Ni kali na nadhifu. Anayeipenda kompyuta ataipenda, na asiyeipenda aipite. MusicBee, ya bure katika Windows, yafaa kwa anayetaka kusikiliza na kupanga katika chombo kimoja, kwa sharti la kukagua katika mipangilio yake ni habari zipi zaandikwa ndani ya faili. Ama Kid3, ambayo yapatikana hata kwa simu za Android, naiona haipewi heshima inayostahili, kwa kuwa huonyesha lebo ya ID3 ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Faili moja laweza kubeba lebo mbili zinazopingana, ya zamani mkiani na mpya kichwani, na ndiyo sababu redio ya gari huonyesha jina moja na simu ikaonyesha jingine kwa wimbo ule ule. Mwenye Kid3 huiona fitina hiyo kwa mtazamo mmoja akaifuta.

Redio za magari zahitaji neno zaidi. ID3 ya pili ina matoleo yake, na yanayotumika sana ni 2.3 ya mwaka 1999 na 2.4 ya mwaka 2000. Toleo la 2.4 ni bora kwa kitabu, lakini redio nyingi za bei nafuu na Windows za zamani hazilisomi. Mp3tag kwa kawaida yake huandika 2.3, Picard huandika 2.4 mpaka uibadilishe katika mipangilio, na mimi nashauri uibadilishe. Wenye nyimbo za Kiarabu na waangalie pia kwamba maandishi yanahifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-16 katika toleo hilo la 2.3, la sivyo majina yatageuka kuwa alama za kuuliza au herufi za ovyo, na huo ni uharibifu ambao mara nyingi hauna tiba ila kuandika upya. Tena redio nyingi hazipangi kwa lebo hata kidogo; hupiga kwa mfuatano ambao mafaili yalinakiliwa katika flashi, au kwa jina la faili. Kwa ajili ya redio hizo jina la faili lianze na namba ya tarakimu mbili, 01 na si 1, na lisiwe na alama ambazo Windows huzikataa, kama vile alama ya kuuliza na nukta mbili. Nyimbo zetu zinazouliza maswali ni nyingi. Katika lebo alama ya kuuliza na ibaki, katika jina la faili iondoke.

Kuhusu nakala ya akiba sitasema mengi. Kabla programu yoyote haijaruhusiwa kugusa hazina, hazina nzima inakiliwe katika diski ya nje, diski ichomolewe, iwekwe kabatini. Asiyekuwa na diski asianze.

Kisha anza na mwimbaji mmoja, usianze na hazina yote. Mchague unayemjua vizuri, mwenye nyimbo zisizozidi folda moja, umkamilishe: tahajia, kikundi, mtunzi wa maneno, mwaka wa asili, namba. Katika kumkamilisha huyo utagundua mapungufu ya kaida yako, nawe utairekebisha wakati ambapo gharama ya kuirekebisha ni saa moja. Albamu za kwetu utakazozikuta hazimo katika MusicBrainz, nawe unalo jalada lake au santuri yake mkononi, ziandikishe humo. Yeyote aruhusiwa kufanya hivyo, na mwingine wa Tanga au Toronto atakayeitafuta albamu hiyo hatalazimika kuanza upya.

Zitabaki nyimbo ambazo hapana aijuaye sauti iliyomo. Hizo usizipe jina la kubahatisha, kwa kuwa jina la kubahatisha likishaingia katika lebo husafiri na faili, hunakiliwa kutoka simu hadi simu, na baada ya muda mfupi huwa ndilo jina. Andika "Hajulikani" pahala pa mwimbaji, na katika nafasi ya maelezo uandike kaseti ilitoka kwa nani, upande gani, maneno ya kwanza ya wimbo, na yaliyosemwa na kila mzee uliyemsikilizisha, pamoja na tarehe aliyosema. Wazee watahitilafiana, mmoja atasema ni sauti ya Lamu na mwingine ataapa ni ya Tanga. Ziandike kauli zote mbili kama zilivyosemwa, bila ya kupendelea, ili atakayekuja na santuri yenyewe ajue ni ipi ya kufuta.